Sentimita za Aarni

Kuopio, Jumatatu 18 Novemba

Msimu umeanza na daftari jipya limeanza. Leo nimewapima warukaji wote wanne wa timu yetu ya kuruka kwa skii, tangu asubuhi hadi saa nane: kifua, kiuno, nyonga, paja, urefu wa mguu kwa ndani. Nje theluji nyepesi. Ziwa bado halijaganda katikati.

Sheria ni ile ile ya mwaka jana. Suti ya kurukia isizidi mwili kwa zaidi ya sentimita mbili. Ikilegea hushika hewa kama mwavuli na kumbeba mtu mbali kuliko anavyostahili, kwa hiyo wakaguzi husimama chini ya mteremko na tepu zao. Mrukaji akikonda, suti hulegea bila mtu kuigusa, nami huipunguza. Ndiyo kazi yangu kwa miaka ishirini na tatu, tangu kiwanda cha nguo kilipofungwa.

Santeri Vepsä, mkubwa wao, alikuwa wa mwisho.

"Shangazi Tuulikki, hapo tumboni niachie nafasi ya soseji mbili."

"Sheria inaruhusu moja."

"Basi nitachagua iliyo nene."

Aarni Tiilikka alicheka naye. Ana miaka ishirini na miwili, huu ni msimu wake wa tatu, na hajawahi kupata hata pointi moja ya Kombe la Dunia. Kocha Haapakorva amemwambia mbele yetu, bila ukali: kikosi cha mashindano ya dunia kitatangazwa tarehe 7 Februari. Asipokuwemo, nafasi yake kwenye timu atapewa mwingine.

Aarni, kiuno: 74.

Ruka, 30 Novemba

Tuko kaskazini, nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri. Upepo. Tumengoja kwa muda wa saa nne, wakaahirisha shindano.

1 Desemba

Aarni wa arobaini na moja. Wanaopata pointi ni thelathini wa kwanza. Kocha alimwambia maneno matatu tu: "Hewani unaonekana mzito." Asiyeujua mchezo huu angedhani ni jambo dogo limesemwa.

Kuopio, 6 Desemba

Siku ya Uhuru. Nimewasha mishumaa miwili dirishani. Aarni alikuja kupimwa, akakaa kando ya cherehani yangu saa nzima, akataka nimfundishe kushona pindo kwa mkono. Ana vidole vyepesi. Kahawa alikunywa, keki alisema atakula baadaye.

Kiuno: 73.

Engelberg, 15 Desemba

Kiuno: 72. Nafasi ya ishirini na mbili. Pointi tisa, za kwanza maishani mwake.

Santeri alimbeba mgongoni akamzungusha uwanja wote wa chini, pale warukaji wanapokuja kusimama, huku akilalamika kwamba amebeba gunia tupu. Kocha alimpa Aarni mkono na kumwambia, "Sasa unaruka." Jioni kijana alikuja chumbani kwangu na suti mkononi kunishukuru, kana kwamba ni suti iliyoruka.

Nilifurahi. Nilipokuwa nikiipunguza jana sikujiuliza sentimita ile imekwenda wapi. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili sijawahi kulidanganya.

Kuopio, 20 Desemba

Giza tangu saa tisa alasiri. Nimebadilisha sindano zote za cherehani.

26 Desemba

Vijana wako makwao kwa Krismasi, na kesho kutwa tunaondoka kwenda Ujerumani. Suti mpya ya Aarni ilikuwa mezani, imekatwa, haijashonwa. Yeye yuko Iisalmi kwa mama yake, saa moja kwa treni. Nilimpigia simu aje nimpime.

"Ya nini kusumbuka, shangazi? Mama amenipima leo. Sabini na mbili kamili. Jana nilikula nyama ya nguruwe mpaka nikalala kitini."

Nikamwuliza kama uji wa Krismasi alikula pia. Akasema bakuli mbili.

Sijawahi kushona kwa namba iliyotoka kwenye mkono wa mtu mwingine. Leo nimeshona.

Oberstdorf, 29 Desemba

Aarni aliruka mita 131 katika mzunguko wa kwanza. Alikuwa wa tisa. Kisha akaingia kwenye hema la wakaguzi, hakutoka kwa muda mrefu, na jina lake likafutwa kwenye ubao. Suti ilizidi sentimita nne kiunoni.

Nilimkuta kwenye kibanda chetu amekaa, skii zimesimama nyuma yake ukutani.

"Umenifanyia nini?"

Nilimwambia asimame, nikazungusha tepu. Sabini. Nikapima tena. Sabini.

"Uliniambia sabini na mbili."

"Mama alikosea."

"Mama yako alikupima?"

Alitazama viatu vyake. "Wewe hunipima mwenyewe siku zote. Hata nikikuapia hunisadiki. Mara hii ndiyo ukaamua kuniamini?"

Kocha aliingia na kufunga mlango. "Kuanzia leo anapimwa asubuhi ya kila shindano. Hili lisitokee tena." Alikuwa ananitazama mimi. Nilikubali kosa, kwa sababu ni kosa langu: nilishona suti ya kijana aliyekula Krismasi. Lakini hakuna aliyeuliza kwa nini kijana mwenyewe ana sabini.

Garmisch, 1 Januari

Kiuno: 70. Nafasi ya kumi na saba.

Bischofshofen, 6 Januari

Kiuno: 70. Nafasi ya kumi na moja. Mvua juu ya theluji. Olavi, fundi wetu wa skii, amempa jozi fupi zaidi, maana mwepesi haruhusiwi skii ndefu. Aarni anasema hajali, anafika mbali hata kwa hizo.

Zakopane, 18 Januari

Kiuno: 69. Nafasi ya sita.

Watu walipuliza mapembe yao kwa ajili yake, na hawakuwa hata watu wetu. Mwandishi wa gazeti la Helsinki, ambaye miaka mingi hakutufuata hata Lahti, hapo jirani yake, alimngoja nusu saa kwenye baridi.

Njiani kurudi hotelini nilikaa na Santeri nyuma ya gari. Yeye na Aarni wanalala chumba kimoja.

"Anakula?" nilimwuliza.

"Anakata. Ukimtazama unadhani anakula. Kiazi kimoja anakikata vipande thelathini, anavihamisha huku na huku kama mtu anayepanga fanicha, halafu muda wa chakula unaisha."

"Umemwambia Kocha?"

"Shangazi, mimi leo nilikuwa wa arobaini na tano. Nikifungua mdomo wangu, itaitwa nini?"

"Wivu."

"Basi. Na labda ni kweli kidogo."

Daktari wa timu huwapima uzito kila wiki mbili. Nimeiona karatasi kwenye meza ya Kocha. Aarni: kilo 59, 59, 59, 59, 59. Nimejaribu kutulia kwa namba hizo.

19 Januari

Upepo. Hawakuruka.

Kuopio, 25 Januari

Kiuno: 68. Suti yake nimeipunguza mara ya tatu, kitambaa cha kukunjia ndani kimekwisha. Nimekata nyingine.

Willingen, 2 Februari

Kiuno: 67.

Asubuhi nilikuwa nabana suti mpya ubavuni mwake, amenipa mgongo. Pini ilipita kitambaa ikaendelea. Mkono wa mshonaji huhisi pini inapoingia mwilini. Nilingoja apige kelele. Hakutikisika.

"Aarni, nimekuchoma."

"Wapi?"

Tone la damu lilikuwa tayari limeenea kwenye kitambaa cheupe. Nilimvua suti mpaka kiunoni nipanguse. Mgongo wake ulikuwa baridi kama kitasa cha mlango wa nje. Mikononi ameota vinyweleo laini, virefu, kama vya mtoto mchanga. Na kwenye pindo la chupi yake niligusa kitu kigumu, kisha kingine. Lilikuwa pindo lililoshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyolingana, kwa uzi wangu wa bluu. Ndani mlikuwa na vipande vya madini ya risasi, vile vizito vya kuvulia samaki kwenye tundu la barafu.

"Vya nini hivi?"

"Daktari anapima uzito leo. Usijifanye hujui."

"Na kilo nyingine zinatoka wapi?"

"Maji. Lita mbili na nusu kabla hajaniita." Aligeuka, akanishika mikono yote miwili. Ya kwake ilikuwa na rangi ya zambarau kwenye kucha. "Shangazi, zimebaki siku tano. Siku tano tu. Nikishaingia kikosini nitakula."

"Utakula nini?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa katika mji aliouhama zamani. Halafu akasema, "Chochote," na akageuka tena nimalizie.

Nikamalizia. Hicho ndicho nilichofanya. Nilibadilisha kipande chenye damu, nikambana ubavu, nikamfunga zipu. Aliruka mita 141 na akawa wa nne.

3 Februari

Nimempigia mama yake, Marketta. Alikuwa amechangamka, majirani wanamsimamisha dukani.

"Naogopa Aarni hali chakula, Marketta."

"Hali? Wiki iliyopita alipokuwa hapa alimaliza sahani nzima, nilimwona kwa macho yangu. Ikabaki nyeupe kama imeoshwa. Shida yangu ni Rekku tu, mbwa wetu. Amenenepa mpaka daktari wa mifugo kanigombeza."

Nilisikia redio jikoni kwake, mtu anasoma habari za barabara.

"Tuulikki," alisema baada ya muda. "Rekku hulala chini ya meza."

Kuopio, 5 Februari

Nimeandika namba zote kwenye karatasi moja. Safu ya kushoto ni uzito alioupima daktari tangu Novemba: 59 kutoka juu hadi chini. Safu ya kulia ni kiuno: 74, 73, 72, 70, 70, 70, 69, 68, 67. Nikaipeleka ofisini kwa Haapakorva, nikaiweka juu ya orodha ya kikosi aliyokuwa akiiandika.

Aliisoma polepole. Amekuwa mkuu wangu miaka kumi na mmoja, na siku zote nilimwona mtu mtulivu asiye na la kuficha.

"Moja kati ya safu hizi ni uongo, Kocha. Na ile ya tepu nimeishika mwenyewe."

"Anaruka vizuri."

"Najua anavyoruka. Nauliza kama unajua anavyoishi."

"Mashindano ya dunia yakiisha tutakaa naye."

"Yakiisha kuna Lahti. Lahti ikiisha kuna Planica. Huko nako anaweza kushinda, kwa hiyo huko nako utaniambia yakiisha."

"Tuulikki, unajua tumekaa miaka mingapi bila mtu wa kutazamwa?"

"Najua. Miaka yote hiyo nimeishona mimi."

Akaniomba nifunge mlango. Kisha akasema, macho yakiwa kwenye karatasi, kwamba msimu wake wa mwisho kama mrukaji alikuwa na kilo hamsini na mbili, na urefu wake ni mita moja na sentimita themanini.

"Nilijijaza maji mpaka nikatapika juu ya mizani. Mbele ya kocha wangu. Unajua alifanya nini? Alichukua kitambaa akaipangusa mizani, akaniambia nipande tena."

"Kwa hiyo ulijua habari ya maji."

"Nilijua tangu Engelberg."

Nilikaa. Hasira niliyokwenda nayo ilikuwa ya mtu aliyedanganywa, na huyu hakuwa amedanganywa. Nilimwona akisema yale maneno matatu kule Ruka, hewani unaonekana mzito, na nikajua aliujua uzito wake alipoyasema.

"Sitampunguzia suti tena," nilisema. "Utafute mshonaji mwingine. Wapo."

"Hatuhitaji. Atashona mwenyewe. Wewe ndiye uliyemfundisha."

Hilo lilinichoma, naye aliona. Nje gari la theluji lilipita mara mbili likisafisha uwanja. Sikujua kama nilikuwa nangoja anifukuze au anijibu. Mwishowe alisogeza orodha ya kikosi pembeni na kuuweka mkono wake juu ya karatasi yangu.

"Niachie hii," alisema.

6 Februari

Saa kumi na mbili asubuhi Kocha alikwenda mwenyewe chumbani kwa Aarni, hakumwambia mtu, na mizani ya bafuni kwake chini ya kwapa. Akamwamsha, akamsimamisha juu yake kabla hajagusa maji. Kilo 53.1. Saa mbili alimpigia daktari, saa tatu akafuta jina.

Saa nne Aarni alikuja kwangu. Hakubisha hodi. Viatu hakuvua, aliingia navyo mpaka katikati ya chumba changu cha kushonea, theluji ikimwagika kwenye zulia. Sijawahi kumwona mtu akiingia hivyo nyumbani kwa mtu.

"Umefurahi?"

"Hapana."

"Nilikuwa wa nne."

"Ndiyo, ulikuwa wa nne."

"Kwa hiyo unajua umeninyang'anya kitu gani."

Nilimwambia akae, midomo imemkauka. Hakukaa.

"Hebu nikuulize, Tuulikki." Hakuniita shangazi. "Ulinipima tangu Novemba. Kila mara unaandika namba, unapunguza, unaniambia simama wima. Ulikuwa unaona. Nilipokuwa wa ishirini na mbili uliona. Nilipokuwa wa kumi na moja uliona. Mbona ulingoja mpaka nikawa mzuri?"

Majibu nilikuwa nayo mengi: daktari, karatasi yake, wajibu wa Kocha. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa jibu la swali lake.

"Kwa sababu nilifurahi," nilisema. "Nilifurahi kama wengine."

Akageuka, akatoka. Nilimwona dirishani akivuka uwanja, anasimama kila baada ya hatua kumi na kushika uzio. Nimepangusa sakafu.

7 Februari

Kikosi kimetangazwa. Nafasi ya Aarni amepewa Santeri. Nilipokwenda kumpa mkono, wake aliurudisha mfukoni. "Usinipongeze, shangazi. Nipime tu twende."

11 Februari

Marketta amempeleka Aarni hospitali. Alianguka kwenye ngazi za nyumbani. Moyo unapiga mara thelathini na sita kwa dakika.

14 Februari

Gazeti limeandika: maumivu ya mgongo.

23 Februari

Mashindano ya dunia. Upepo mzuri, wa mbele. Santeri wa thelathini na tatu.

Lahti, 9 Machi

Theluji laini, watu wachache. Mkaguzi mmoja, yule yule wa Oberstdorf, aliniuliza kwa adabu mgongo wa kijana wetu unaendeleaje. Nilimwambia si mgongo. Nikamwambia ni nini. Alikunja tepu yake taratibu mpaka ikawa duara dogo, akasema ana wengine sita anaowapima kila wiki na kuwafikiria. Nikamwuliza amemwambia nani. Akasema kazi yake ni suti.

Kocha ameandika barua ya kujiuzulu mwisho wa msimu. Amenionyesha. Haina sababu ndani yake, tarehe na sahihi tu. Nilimwambia barua hiyo ni kuipangusa mizani. Aliirudisha kwenye bahasha. Jioni nilipokuwa napakia cherehani alikuja kuniomba nakala nyingine ya ile karatasi ya safu mbili, kwa maandishi yangu. Sijui ataifanyia nini. Nimempa.

Kuopio, 17 Machi

Hakuna la kushona.

Iisalmi, 12 Aprili

Aarni ameruhusiwa kutoka hospitali kwa sharti moja: kila mlo mtu awe amekaa naye mpaka sahani iishe. Marketta ana zamu za mchana kwenye kiwanda cha maziwa. Juzi alinipigia, akajikanyaga kanyaga, halafu akasema kijana mwenyewe ametaja jina langu. Nimeshangaa. Nimekuja kwa treni ya asubuhi.

Alinifungulia mlango amevaa sweta mbili. Nywele zimepungua mbele.

"Usifikiri nimekusamehe," alisema.

"Sijafikiri."

"Mama analia nikila. Santeri anatania. Wewe hukai ukalia. Ni hilo tu."

Chakula kilikuwa tayari kimepimwa na mama yake, kimefunikwa: viazi vinne vya kuchemsha, kipande cha samaki, mchuzi wa maziwa. Rekku alikuwa amefungiwa uani. Tulikaa. Alishika kisu akaanza kukata kiazi cha kwanza, nusu, robo, nusu ya robo. Nilisema, "Usikate tena." Akaweka kisu chini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesimama juu kabisa ya mnara wa kurukia na taa ya ruhusa imewaka kijani.

"Usinitazame," alisema. "Umenitazama vya kutosha."

Niligeuza kiti changu kuelekea dirishani. Theluji imeoza uani, imebaki kwenye kivuli cha ghala tu, na maji yanapita mfereji wa barabara. Jirani alikuwa akitoa matairi ya baridi kwenye gari lake, moja baada ya jingine. Nyuma yangu kimya. Dakika kumi. Jirani alimaliza upande mmoja.

"Umegeuka?"

"Sijageuka."

"Kimepoa."

"Kimepoa, ndiyo."

Nilisikia akivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi. Nikamsikia akitafuna, taratibu, kwa chuki, na kumeza. Halafu kimya tena, kirefu zaidi. Nilihesabu nati alizofungua jirani. Saa yangu ilinionyesha saa tisa kasoro, nami sikuinua mkono kuitazama vizuri asije akadhani nina haraka.

"Vimebaki viwili," alisema. "Siwezi."

"Muda upo."

"Una treni."

"Muda upo, Aarni."

Treni ya saa tisa ilipita nyuma ya nyumba ikielekea Kuopio, vikombe vikatikisika kabatini. Ilipokwisha kupita, uma uligusa sahani, ukanyamaza, ukagusa tena.